Gari Lililopambwa

Dereva wa teksi wa mtaa wa Iztapalapa ukimwambia njia hii ina majambazi, atakucheka. Mwambie kesho unapeleka gari kwenye kipimo cha moshi, uone anavyoomba maji. Jambazi anachukua simu yako anakwenda zake. Kipimo kinachukua gari, na gari likilala nyumbani hata paka wa hiyo nyumba anakonda.

Ndiyo maana Nabor Quiroz, siku watu wa mamlaka ya hewa walipompigia simu, alijibu "ndiyo mama, ndiyo mama" kabla hata hajaulizwa kitu. Mwanamke wa upande wa pili alijitambulisha kwa jina la Injinia Rosaura Tlatelpa. Aliongea polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Teksi yako ni aina ya Tordo, si ndiyo? Basi imechaguliwa. Tutaipima barabarani, na petroli yako hiyohiyo, kwenye foleni hizohizo unazofanyia kazi. Tordo mbili zimeshafeli, zinatoa moshi wa sumu kupita kiwango. Ya tatu ikifeli, sheria inamkaba mtengenezaji. Kiwanda kitalazimika kuziita Tordo zote na kuzitengeneza bure. Wewe huna kosa, Nabor. Usiliguse gari. Lilete kama lilivyo.

"Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo."

Nabor alikata simu akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

Evaristo ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, Evaristo aliacha shule akabeba magunia ya vitunguu soko kuu ili mdogo wake ale. Sasa wote wawili walikuwa madereva, kila mmoja na Tordo yake, zimetoka yadi moja siku moja, nyeupe na waridi, kama mapacha waliovalishwa na shangazi. Kijiwe chao kilikuwa nyuma ya soko, karibu na lango la vitunguu.

"Bure?" Evaristo alicheka mpaka akashika kichwa, maana siku hizo kichwa kilikuwa kinamgonga kila asubuhi. "Dogo, serikali ikikupigia simu kabla ya chai, jua imeamka na njaa. Kiwanda gani kitengeneze bure? Hao wanakuuzia kioo cha pembeni kama wanakuuzia figo yao."

"Amesema kosa si langu."

"Na bata mzinga wa Krismasi naye huwa hana kosa. Wakikufelisha watakung'olea namba, utabaki unaniomba lifti. Nenda kwa Tacho akalipambe."

Kulipamba gari, mji mzima unajua. Kabla ya kipimo unalipeleka kwa fundi. Anamwaga spiriti kwenye tangi, anakaza hiki, analegeza kile, ekzosi ikiwa na tundu analiziba kwa udongo wa tanuri na bati la kopo. Halafu unalikimbiza barabara kuu mpaka injini inawaka kama kikaango cha tortilla, unaingia nalo kwenye kipimo mbiombio kabla halijapoa. Linapita. Baadaye unalirudisha kwa fundi analivua mapambo, maana ukiliacha hivyo halina nguvu, kilima kidogo tu linalia. Baba zao walifanya hivyo, babu zao walipopata magari wakafanya hivyo. Kwenda kwenye kipimo bila kupamba ni sawa na kwenda harusini na ndala.

Fundi Tacho alilala chini ya Tordo, ikabaki miguu tu nje.

"Bomba la ekzosi limepasuka hapa kwenye maungio," alisema. "Chini ya kiti cha nyuma."

"Vibaya?"

"Kama zote. Tordo zote zinapasuka hapahapa, nimeziba mpaka nimechoka. Naziba na hii, lakini udongo huu ni wa kupitia kipimo tu. Ukidondoka usije kunililia."

Nabor akasema sawa. Kilichokuwa kichwani mwake ni kupita.

*

Asubuhi ya kipimo kulikuwa na baridi ya Januari, ile inayokaa kwenye meno, na mvua nyembamba ya kuudhi. Kwenye uwanja wa mamlaka walilifungia gari mashine nyuma, boksi kubwa kama friji ndogo, na bomba likaingizwa kwenye mdomo wa ekzosi. Nabor aliitazama akahisi kama yeye ndiye anayeingizwa bomba.

Injinia Rosaura alikuwa mama wa makamo, mfupi, sweta la kufuma, kompyuta mapajani. Alikaa mbele. Nyuma alikaa bwana mmoja wa kiwandani, Olmedo wanamwita, mwanasheria, koti zuri, viatu ambavyo havijawahi kukanyaga ganda la kitunguu. Sheria ilikiruhusu kiwanda kuweka mtu wa kushuhudia.

"Kijana, endesha kama kawaida," injinia alisema. "Sahau kama tupo."

Kusahau! Nabor alishika usukani kama ameshika mkono wa maiti. Kila taa nyekundu aliona kama wamemjua. Alikuwa anasubiri mama huyu anuse tu hewa, aseme, we mtoto, hii spiriti. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

Wakaingia barabara ya Viaducto, foleni imekaa kama imemwagwa zege. Injinia alitazama namba zake. Akagonga kioo cha kompyuta kwa kucha. Akatazama tena.

"Ajabu," alisema.

"Ajabu nini, injinia?" Olmedo alisogea mbele, uso umechangamka. "Gari linapumua kama mtoto aliyeshiba. Niliwaambia, zile mbili za mwanzo zilikuwa za madereva wachafu. Mtengenezaji hawezi kubeba uchafu wa kila mtu."

"Zile mbili zilitoa sumu mara nyingi ya kiwango, bwana Olmedo. Hili linatoa kidogo kuliko siku lilipozaliwa."

"Basi mshukuru Mungu."

Limepita, Nabor aliwaza. Mabega yakashuka. Akatamani hata kuimba. Akafikiria atakavyompigia kaka, watakula tamale za unga wa mahindi ndani ya mkate, Evaristo atamcheka kwa kuogopa bure.

Injinia akamgeukia. "Nabor, kichwa kinakuuma ukiwa kazini?"

"Cha kawaida tu, mama."

"Usingizi?"

"Nani hana usingizi mji huu?"

Injinia hakucheka. "Nakuuliza kwa sababu hizi Tordo, zikisimama injini inawaka, kompyuta ya injini inamwaga petroli kupita kiasi. Ule moshi ni sumu tupu. Halafu bomba linapasuka chini ya kiti cha nyuma. Umeelewa? Moshi hauendi wote nje. Unaingia humu ndani. Ile gesi haina harufu, haina rangi. Mtu anahisi uchovu, anaegemea kidogo. Kuna dereva wa Tlaxcala, alikuwa kijiweni anasubiri abiria, baridi kama hii, kafunga vioo, kawasha injini apate joto. Wenzake walidhani amelala."

"Hilo halijathibitishwa," Olmedo alisema kutoka nyuma.

"Amezikwa bila kuthibitishwa, basi."

Nabor hakusikia walivyoendelea kubishana. Kichwani aliiona teksi ya pili, ile pacha, kijiweni kwenye lango la vitunguu. Saa hizi malori yameshashusha, wateja wa alfajiri wameisha. Saa hizi Evaristo anarudisha kiti nyuma. Anavuta kofia usoni. Anapandisha vioo, anawasha hita, maana baridi inamuingia kwenye goti alilopondwa na gunia. Injini haizimi. Na kile kichwa. Na juzi alipogonga nguzo mchana kweupe akasema nguzo imesogea. Wote walisema ni pombe, na Evaristo mwenyewe akakubali kuwa ni pombe, wakati hakuwa amekunywa tangu Siku ya Wafu, mwezi wa kumi na moja.

Alichomoa simu akapiga. Ikaita mpaka ikachoka.

"Usitumie simu ukiendesha," Olmedo alisema. "Kipimo kinaendelea."

Akapiga tena. Ikaita. Akajiambia yuko chooni. Akajiambia anakula. Simu ikamponyoka ikaanguka miguuni, ikabaki inaita kule chini, peke yake, kama mtoto aliyefungiwa.

"Nabor," injinia alisema. "Nini?"

"Kaka yangu. Ana Tordo. Analala ndani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Na hita!"

Mama yule alibadilika rangi. "Wapi?"

Nabor hakujibu kwa mdomo. Alikata usukani, gurudumu likapanda ukingo, boksi la nyuma likagonga kitu likapiga kelele, akaingia njia ya kutokea huku magari yanampigia honi za matusi ya mama.

"Unatoka nje ya njia iliyopangwa!" Olmedo alishika kiti. "Injinia, akitoka kipimo kinaharibika! Gari lilikuwa linapita!"

"Halikuwa linapita!" Nabor alipiga kelele. Machozi yalishamjaa na hakujua. "Nimelipamba! Kuna spiriti tangini, kuna udongo kwenye bomba. Limepasuka kama mengine yote. Nilikudanganya, mama. Niliogopa mtanichukulia gari."

Waipa tu zinafuta.

"Nilikuambia ulilete kama lilivyo," injinia alisema, sauti ndogo.

"Nilidhani ni mtego."

"Umesikia mwenyewe, injinia," Olmedo alisema, na sasa hivi alikuwa ametulia tena, karibu afurahi. "Dereva kachezea gari. Sampuli imekufa. Mtaanza upya kutafuta, na miezi itapita."

"Bwana Olmedo," mama alisema bila kugeuka, "funga mdomo, au shuka."

Hakushuka. Nabor asingesimama hata kama malaika angesimamisha. Alipita kwenye kituo cha mafuta ili kukata kona, alipita kwenye njia ya mabasi, akapiga honi mpaka ikakauka. Injinia aliokota ile simu akawa anapiga yeye. Kila mlio mmoja Nabor aliuhesabia tumboni. Pokea, kaka. Nitukane. Pokea.

*

Tordo ilikuwa mahali pake, mwisho wa foleni ya teksi, karibu na meza ya mama Refugio muuza tamale. Vioo vimejaa ukungu kwa ndani. Nyuma, ekzosi inapumua taratibu, mvuke mweupe, mzuri kabisa ukiutazama. Injini ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba.

Nabor alishuka kabla gari lake halijasimama vizuri. Akavuta mlango. Umefungwa kwa ndani. Akafuta kioo kwa mkono, ukungu uko upande wa pili, haufutiki. Akaona kofia. Akaona mdomo wazi.

"Kaka! Evaristo! Kaka!"

"Muache mwenzio alale," mama Refugio alisema, kijiko mkononi. "Alikuja anayumba, nikasema huyu leo kaanza mapema."

Nabor alifungua buti lake, akavuta mpini wa jeki, akapiga kioo. Pigo la kwanza likateleza. La pili kioo kikamwagika chote. Joto likampiga usoni, joto la kitandani, halina harufu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kitu chochote maishani mwake. Alisubiri kunusa kifo na hakunusa kitu.

Aliingiza mkono akafungua mlango, akamvuta kwa makwapa. Evaristo alikuwa mzito kama yale magunia yake. Mashavu yamewiva, mekundu, kama mtu ametoka kuoga maji ya moto, anapendeza. Wakamlaza kwenye lami yenye mvua, kati ya maganda ya vitunguu. Injinia alipiga magoti, akaweka sikio kifuani.

"Upo," alisema. "Moyo upo. Nabor, mpepee. Fungua shati. Wewe mama, ita gari la wagonjwa, waambie waje na oksijeni, waambie ni moshi."

"Jamani, mimi nilidhani kalewa," mama Refugio alikuwa anasema huku anabonyeza simu, analia. "Nimempita mara ngapi. Nilidhani kalewa."

Nabor alimpiga kaka yake makofi mashavuni, akampulizia, akamwita majina yote, hata lile la utotoni ambalo Evaristo alikuwa anapigana akiitwa. Kitu kikakwaruza kooni mwa Evaristo. Akakohoa. Akatapika pembeni, maji ya njano. Halafu akavuta pumzi moja ndefu mbaya, kama mlango wa kutu.

Hapo ndipo Nabor alipoona viatu vile visafi vinapita. Olmedo alikuwa amezunguka upande wa dereva, ameingiza mkono kwenye mlango uliobaki wazi, anatafuta funguo.

"Usizime!" injinia alipiga kelele.

"Ni hatari kwa watu," Olmedo alisema. "Nazima kwa usalama."

"Usizime! Likipoa namba hazitakuwa hizi. Nataka hili gari lipimwe kama lilivyo sasa."

"Gari hili halimo kwenye sampuli yako."

"Sheria inasema Tordo yoyote iliyoko barabarani, mwenyewe au ndugu yake akikubali. Mtengenezaji anawajibika kwa kila gari aliloliuza, bwana Olmedo. Unalijua hilo, wewe ndiye unayelipwa kulijua." Akamgeukia Nabor. "Na hili, kuna mtu amelipamba?"

"Hilo?" mama Refugio ndiye aliyejibu. "Hata kuliosha hajaliosha tangu alinunue."

Nabor alisimama. Nusu ya roho yake ilitaka kuizima ile injini kwa jeki, ailaze boneti mpaka iwe sahani. Kitu hicho kilikuwa kinamla kaka yake kila asubuhi na bado kinanguruma, hakina hata haya. Lakini alikwenda akamshika Olmedo kifundo cha mkono, akautoa mkono ule taratibu mlangoni.

"Usalama wenu umeanza leo?" alimuuliza.

"Niachie. Nitakushtaki."

"Nishtaki. Mimi ndugu yake nimekubali lipimwe. Kaa mbali na funguo."

Olmedo alitazama mpini wa jeki, akarudi nyuma.

Injinia alifungua boksi kwenye gari la Nabor, likiwa limebonyea upande mmoja, akalisukuma kwenye lami. Madereva wawili wa kijiweni walilibeba naye. Bomba likaingizwa kwenye ekzosi ya Evaristo. Milango yote ikafunguliwa. Mama Refugio alisimama akiwafukuza watu wasikae upande wa upepo, kama anafukuza mbwa kwenye masufuria yake.

Namba zikaanza kupanda. Nabor hakuzitazama, lakini alimsikia injinia akivuta hewa kwa meno. Olmedo aliziona. Alitoa simu akaenda kusimama mbali, kwenye ukuta wa soko, mgongo kwao, anaongea kwa sauti ya chini na mtu anayemwita daktari, mkubwa fulani wa kiwandani ambaye hakuwa daktari wa watu.

"Basi?" Nabor aliuliza.

"Basi," injinia alisema. "Wataziita zote. Watatapatapa, lakini wataziita. Sasa zima."

Nabor alizima. Kimya kilichofuata kilikuwa na mvua tu, na ving'ora vya gari la wagonjwa kwa mbali, vimekwama mahali fulani kwenye foleni, vinalia palepale.

Alikaa chini akaweka kichwa cha kaka yake mapajani. Evaristo alifungua macho. Yalizunguka, yakampita Nabor, yakarudi.

"Dogo."

"Nipo, kaka. Nipo hapa."

"Gari lako," Evaristo alisema, ulimi mzito. "Limepita?"

Nabor alitaka kucheka ikatoka kilio. "Halijapita. Lako limefeli, kaka. Limefeli vibaya sana. Watatutengenezea, zote. Yule mama alikuwa anasema kweli."

Evaristo alifikiria hilo. Unaweza kumuona mtu akifikiria, paji la uso linafanya kazi. Akafumba macho. Ving'ora vilisogea kidogo, vikakwama tena. Nabor alimshika mkono, akaubonyeza, na mkono ule ukabonyeza pia, kidogo.

Kisha Evaristo akafungua macho tena, akamtazama mdogo wake kama ndiyo kwanza amefika.

"Dogo," alisema. "Vipi, gari limepita?"

Nabor alimtazama injinia. Injinia alikuwa ameshasikia, alikuwa ameacha kukunja nyaya zake, na uso wake haukumpa Nabor kitu cha kushika.

"Ongea naye," alisema. "Usiache kuongea naye mpaka waje."

Basi Nabor akaanza tena mwanzo, polepole, kwamba halijapita, kwamba lake ndilo limefeli, na kwamba hawatachukuliwa gari. Alipomaliza alimtazama midomo, akiogopa itafunguka na swali lilelile.